Dada Yako na Kikunjio cha Tanga

Nyumba ya kona, nyuma ya gati,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena ukipanda ngazi. Mkaza-mjomba na mapacha hawajambo? Sisi huku wazima, ila tunatembea kwa maringo, na sababu ni dada yako.

Unakikumbuka kikunjio cha mashua ya Baba, kile kigurudumu cha mbele kinachoviringisha tanga ukivuta kamba. Tangu uondoke kilizidi kuwa kigumu. Mwezi uliopita upepo ulitukuta tanga likiwa wazi, Baba akavuta mpaka viganja vikachubuka, ikabidi nivute naye. Tulipofika nyumbani akatangaza kwamba mikono yake imezeeka na mashua itauzwa. Wiki hii mnunuzi akaambiwa aje Jumamosi.

Iliniuma, Mjomba. Unamjua Baba asipokuwa na mashua, huzunguka sebuleni kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Mama, ambaye miaka yote huiita mashua ile "mke mwenzangu", alisikiliza huku akishona. Kisha akasema, "Mbona cherehani ikigoma sisemi miguu yangu imezeeka? Naifungua."

Ijumaa asubuhi akachukua bisibisi, mswaki na birika la maji ya moto, huyo, mpaka kwenye mashua. Mimi nilishusha tanga, nikashika beseni. Alinikataza kumwambia Baba, na kwa mdomo wangu huu unajua hiyo ilikuwa adhabu.

Alipokifungua, gololi za chuma zinazokizungusha hazikuonekana. Zilikuwa zimezikwa ndani ya grisi nyeusi iliyoshikana na chumvi, ngumu kama nta. Sasa Mjomba, kaa vizuri. Grisi ile ni yako. Ndiyo uliyoishindilia siku ya kuondoka, kopo zima, ukasema umetuachia zawadi ya miaka kumi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Chombo kile hakitaki grisi, kinataka kusuuzwa kwa maji ya bomba basi. Wema wako ulituponza, lakini hatuna kinyongo.

Alizisugua moja moja, kucha zikawa nyeusi tititi. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza. Mwisho alikisukuma kwa kidole, kikazunguka bila sauti, tukalipandisha tanga na kulikunja kama lilivyokuwa. Najivunia kuwa mtoto wake, na sioni haya kuliandika.

Jana mnunuzi alifika. Baba, muungwana wa watu, akataka kumwonyesha kasoro kwanza. Alijikita, akaivuta kamba ya kulifungua tanga kwa nguvu zake zote, nusura aanguke chali, maana lilifunguka lote mara moja. Akalikunja. Akalifungua, akalikunja tena, sasa kwa mkono mmoja. Kisha akautazama mkono wenyewe, mbele na nyuma. Mnunuzi akauliza bei. Baba akamwomba radhi, haiuzwi, akarudi nyumbani mbio kumtafuta Mama.

Msalimie sana Mkaza-mjomba, na mapacha uwabusu. Bibi anakuombea dua kila siku. Mungu awape afya na riziki, na atukutanishe salama. Ukija, Baba anasema, njoo mikono mitupu.

Nakuandikia nikiwa peke yangu, nyumba kimya. Wamekwenda baharini wote watatu: Baba, Mama, na mke mwenzake.

Mpwa wako akupendaye,
Chiriku