Picha Nyekundu ya Wankyo

Mama Pelagia, shikamoo. Huwa nasoma majibu yako gazetini nikiwa dukani na kucheka matatizo ya watu, leo sicheki kwa sababu tatizo ni langu, na nakuomba unijibu upesi kabla chuo hakijafunguliwa. Mimi ni mpiga picha hapa Musoma mjini, nina studio ndogo pamoja na mume wangu Hamduni ambaye ni fundi redio, na tangu maduka yaanze kupata bidhaa tena na filamu za rangi zionekane, kazi yetu imechangamka, hasa kwa kuwa nina kamera ambayo wenzangu hawana, ya kupigia picha chini ya maji, niliyouziwa na mtafiti mmoja wa samaki alipokuwa anarudi kwao, ina lenzi tatu za kubadilisha na vile vioo vya rangi vya kufunga mbele ya lenzi, ambavyo sisi tunaviita filta.

Sasa mama, mwezi uliopita mwinjilisti Thadeo wa Bukima alinifuata akasema ana watu wa kubatiza ziwani, na anataka kila mmoja apate picha akiwa ndani ya maji kabisa, nami nikakubali ingawa ni Mwislamu, kazi ni kazi, nikavaa suruali ya Hamduni chini ya kanga nikaingia mpaka kifuani na miwani ya kuzamia. Maji ya pale ni ya kijani na yana ukungu, ukisimama mbali huoni kitu, kwa hiyo nilifunga lenzi pana ili nisogee karibu na mtu bado aenee, maana wa kwanza alikuwa mzee Masatu, na mzee Masatu ni mtu wa mwili. Ninayo filta ya waridi ambayo inayafaa maji ya kijani, lakini inashika kwenye lenzi ya kawaida tu, kwenye ile pana haishiki, na huwezi kubadilisha lenzi ukiwa majini, lazima utoke, ujifute, ukae mbali na mchanga, tone moja likiingia ndani kamera imekwisha, na watu walikuwa wamepanga mstari wanaimba, basi nikapiga bila filta. Alipofika wa mwisho, binti anaitwa Wankyo, nikakumbuka filta nyekundu, hiyo inashika kwenye lenzi pana, nikasema acha nijaribu, labda itapunguza ule ukijani, nikaifunga hapo hapo.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa Mwanza, watu wote wametoka kijani, mzee Masatu kijani kama kabichi, na Wankyo peke yake mwekundu, maji mekundu, gauni lake jeupe kama linawaka. Mwinjilisti Thadeo alipoiona alitafuta kiti akakaa. Akasema, "Hii ni damu ya Mwanakondoo." Nikamwambia, "Mwinjilisti, hiyo ni filta." Akatabasamu akasema, "Dada Siwema, wewe ulishika kamera tu."

Tangu siku hiyo picha imekuzwa imetundikwa kanisani, watu wanatoka hadi Kiabakari na Bunda kuja kuombewa na Wankyo, na mzee Masatu amekuja studio na picha yake mkononi akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikuwaga mlevi kweli, lakini ndiyo dhambi zimekataa kutoka? Angalia nilivyo," na anataka kubatizwa upya. Hilo ningeweza kulivumilia. Lakini Wankyo amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na mama yake, mama Ursula, pamoja na wazee wa kanisa, wamesema binti mwenye alama kama ile haendi kuchanganyika na watu bwenini, akae nyumbani aombee watu. Juzi Wankyo alikuja peke yake kwa miguu na lifti, akasimama mbele ya meza yangu akaniuliza, "Dada Siwema, ile rangi ilitoka kwangu au ilitoka kwenye mashine yako?" Hamduni akakohoa, mteja akaingia, nami nikasema nitakueleza siku nyingine. Akasema, "Siku ipi?" Nikamgeukia mteja.

Hamduni ananiambia ninyamaze, nikisema wataona Mwislamu anawaharibia imani yao, na mimi sitaki ugomvi na watu ninaowapenda, na pia nisikufiche, kuna ubatizo mwingine unakuja na kila mtu ameniomba nimpige "kama Wankyo", nikifunga ile filta kwa wote watanishukuru wote. Nifanye nini mama?

Siwema, Musoma.

*

Siwema, marahaba. Nilicheka nilipofika kwa mzee Masatu, nikaacha kucheka nilipofika kwa Wankyo.

Binti amekuuliza swali fupi na wewe unalo jibu fupi. Badala yake umempa siku nyingine. Hujui kwamba chuo hakina siku nyingine? Usijifiche nyuma ya kikohozi cha Hamduni.

Woga wako naelewa, tena una heshima ndani yake. Lakini hakuna aliyekuuliza habari za dini. Umeulizwa habari za mashine. Kama Wankyo ameokoka au hajaokoka, hiyo ni kati yake na Mungu wake, na wewe usiiguse. Kioo ni chako. Zungumza habari za kioo.

Na hilo wazo la kuwapaka watu wote wekundu ili wakushukuru, litoe kichwani leo. Ukilifanya, hapo ndipo utakuwa mdanganyifu. Mpaka sasa wewe ni mtu aliyejaribu filta.

Sasa sikiliza. Usiende kanisani, usisimame Jumapili mbele za watu kumwaibisha mwinjilisti. Nenda nyumbani kwa mama Ursula. Kamera iache Musoma, beba ile filta nyekundu tu. Salimia, kaa, kunywa uji ukipewa, kisha mpe mama kioo mkononi akiweke jichoni atazame uani kwake. Usimweleze chochote mpaka aseme yeye. Baada ya hapo mpe Wankyo, na umjibu swali lake kwa maneno yake mwenyewe. Ukitoka hapo pitia kwa Thadeo, mkiwa wawili, kabla hajasikia kwa jirani.

Mzee Masatu mpige tena ziwani, bila malipo, kwa lenzi ya kawaida na filta ya waridi, saa sita jua likiwa juu. Mpige kichwa na mabega. Hakuna sheria inayosema lazima aenee.

Na kuhusu kazi yako: kila filta iandike kwa plasta inashika kwenye lenzi ipi, jaribu kila kitu nchi kavu ukiwa mkavu, na usijaribie kioo kipya kwa mtu ambaye siku yake hiyo hairudi tena. Nakutumia jibu hili kwa mkono wa dereva wa basi kabla halijachapwa, maana gazeti linachelewa na binti hana muda. Nenda wiki hii.

Pelagia

*

Mama Pelagia, nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Hamduni alinisindikiza mpaka kituo cha gari, akanipa nauli.

Nianze na Thadeo, maana ndiye niliyemwogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kioo, akanirudishia. Akasema, "Ulinieleza siku ile ile, mimi ndiye sikutaka." Picha bado hajaitoa ukutani. Lakini Jumapili, nimeambiwa, aliwatangazia kwamba walio kijani ni wazima, na kwamba hakuna atakayebatizwa upya kwa ajili ya rangi. Mzee Masatu nimempiga, ametoka vizuri, ila analalamika kwamba ameishia mabegani.

Kwa mama Ursula nilifanya kama ulivyoagiza. Aliweka kioo jichoni akamtazama Wankyo aliyekuwa anapepeta mahindi, akatazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akageukia mbuzi aliyefungwa pale, akamtazama muda mrefu.

"Hata mbuzi," akasema.

Wankyo alikichukua, akamwangalia mama yake, akaanza kucheka. "Mama, na wewe umo."

Nami nikamwambia, "Rangi ilitoka kwenye mashine yangu." Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyekuwa anajua.

Lakini mama Ursula hakucheka. Alikaa na mikono mapajani na macho yamejaa, nikajilaumu kwa kuja, maana nilimwona ananyang'anywa kitu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwanangu hakuchaguliwa?"

Wankyo akaweka ungo chini, akaenda kukaa karibu yake.

"Nimechaguliwa, mama," akasema. "Ualimu. Jina langu lipo, limebandikwa wilayani, kila mtu anaweza kwenda kulisoma."