Maji ya Uchungu Nimeyanywa Mimi

Mama Josephine mpendwa, nakuandikia nikiwa nimelegeza mkanda, nisaidie kabla tumbo halijapasuka. Mimi ni mume wa Hadassa, tunakaa Shively, huku ugenini, tuna mtoto mmoja, Gift, na mimi nafanya kazi ghalani, donc gari letu moja nakwenda nalo mimi, na mke wangu anayetunza wazee anarudishwa nyumbani na mwenzake wa kazi, Mtanzania anaitwa Jovin, na siku yangu ya mapumziko nikiwa dirishani nikamwona anashuka kwenye gari la Jovin anacheka, na kwangu hachekagi hivyo, bon, wivu ukanishika.

Kazini wakati wa kula nikafungua Hesabu sura ya tano, ile sheria ya mume mwenye wivu: anampeleka mke kwa kuhani, kuhani anachota vumbi la sakafu ya hema, analitia kwenye maji, anaandika laana na kuiosha humo, mke anakunywa, akiwa na kosa tumbo linavimba na paja linapooza. Nikaona ni utaratibu mzuri, hauna kelele. Mzee Sylveri wa kanisani kwetu alifurahi sana, akasema kuhani atakuwa yeye. Shida ni kwamba kanisa limepanga ukumbi wenye zulia, vumbi la kuchota hakuna, tukafungua mfuko wa mashine ya kufyonzea uchafu wa zulia, tukapata vumbi la kutosha na kibanio cha nywele. Sheria inataka na unga wa shayiri, dukani hatukuupata, tukachukua oti, zile za uji wa asubuhi, zenye ladha ya tufaha, na kwa kuwa hatukujua zinawekwa wapi tukazitia humohumo. Laana tuliiandika kwa kalamu ya kawaida, wino ukakataa kutoka, nikachukua kalamu ya Gift ya kuchorea, ile inayofutika, na Gift akalia, "Baba, that's my marker!" nikamwambia ni kazi ya Mungu. Maji yakawa zambarau, tukayatia kwenye chupa ya jusi, nikaiweka kwenye friji kungoja Jumapili.

Hadassa alipoambiwa alitutazama sisi wawili, akasema: "Bon, mulete. Lakini weye kunywa kwanza, njo na miye nikunywe. Juu ya nini miye peke yangu?" Nikanyamaza. Akachukua Gift, wakapanda basi, wakaenda kwa dada yake Reynoldsburg.

Kesho yake nilitoka kazini na kiu, nikafungua friji, nikaona jusi ya zabibu, nikaimaliza. Mama, nilipofika chini ya chupa nikakuta kibanio.

Tangu hapo tumbo limevimba, paja la kushoto nalisikia zito, kazini nachechemea mpaka msimamizi ananiambia nijaze fomu ya ajali, nitaandika nini? Na kinachonitisha nakuambia wewe tu: kuna dada mmoja huko Buffalo, mwaka mzima tunaandikiana kwenye simu, namwita mtamu wangu. Je, laana hii inashika hata wanaume? Sylveri anasema hainihusu, tutengeneze maji mengine tuyapeleke Reynoldsburg kwenye kisanduku cha barafu. Mimi nampenda mke wangu, nataka arudi. Nifanye nini?

Baba Gift, Shively

*

Baba Gift, pole kwa tumbo. Sasa kaa nikuseme.

Nenda kliniki leo. Mwambie daktari ukweli: umekunywa vumbi la zulia, wino wa mtoto na oti mbichi. Oti zikilowa zinavimba, ndugu yangu. Na acha kuchechemea, paja lako ni zima.

Umeuliza kama laana inashika wanaume. Isome sura yako mpaka mstari wa mwisho, ambao wewe na kuhani wako mliuruka. Mume hana hatia, hata wivu wake ukiwa wa bure. Mzigo wote ni wa mwanamke. Kikombe cha mume hakikuandikwa. Maelfu ya miaka watu wanaisoma sheria hiyo na sijasikia mwanamume aliyeionja, mpaka ukatokea wewe na kiu yako. Na katika nyumba hiyo, mwenye siri ndiye aliyekunywa! Hapo nilicheka mpaka wajukuu wakaja kuniangalia.

Kwa Hadassa sikucheka. Anainua wazee kutwa, gari umechukua wewe, na hata siku unayopumzika, badala ya kwenda kumchukua, unasimama dirishani kupima kicheko chake. Kisha unamwita ajitetee mbele ya chupa. Alikuomba jambo moja tu, uanze wewe, ukanyamaza. Nadhani alielewa. Imeniuma kana kwamba ni binti yangu.

Mwambie Sylveri ukuhani wake umekwisha. Mfute huyo wa Buffalo kwenye simu. Nami naishi hapahapa North Buffalo, watu wetu tunafahamiana. Mnunulie Gift kalamu. Jumamosi endesha mpaka Reynoldsburg, mwendo wa saa tatu na nusu, bila chupa na bila Sylveri. Habari ya simu Hadassa aisikie kwa kinywa chako, mbele ya dada yake akitaka, halafu unyamaze, maana kunyamaza unakujua. Asipotaka kurudi, ni haki yake.

Na kama akishasikia yote ataingia jikoni, akarudi na glasi ya maji, ipokee kwa mikono miwili. Kunywa yote. Usiulize ameweka nini.