Gari Linavuta Kushoto Hata Ng'ambo ya Mpaka

Mpendwa Mama Naswiba, mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, naandika haraka kwa furaha ya kitu nilichokigundua jana na ambacho siwezi kumwambia mtu nyumbani kwangu.

Mimi ni Sylivia, nanunua kahawa kwa wakulima wa Maliba na kuishusha Bwera, huku Uganda mpakani na Congo, na gari letu ni fowili, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mwaka wa sita huu naliendesha mimi, na mvua zilipoharibu njia za mlimani mume wangu Nobert akalipeleka Kasese kwa kaka yake Mumbere, ambaye ni fundi, akalinyanyua kwa springi ndefu na tairi kubwa, likarudi refu na la kupendeza, lakini tangu siku hiyo linavuta kushoto, ukilegeza usukani kidogo linataka mtaro. Nikalalamika. Shemeji Mumbere akalijaribu, akasema gari ni zima, barabara zetu ndizo zimelalia kushoto ili maji ya mvua yatiririke, na juu ya hayo mikono yangu ina woga, na Jumapili wakakaa wawili na Nobert wakaamua nisiendeshe tena, na kwamba Jumamosi hii shemeji mwenyewe atawapandisha akina mama saba wa kanisa letu kwenda harusini Maliba. Ile njia unaijua, Mama, kushoto ni korongo.

Sasa kosa langu. Jana nilimwambia Nobert naenda hospitali kumwona shangazi, nikachukua gari, nikampakia rafiki yangu Martine, muuza vitenge wa Butembo ambaye anayajua makaratasi yote ya mpakani, tukavuka hadi Kasindi, upande wa Congo. Nilikuwa na wazo moja tu: Congo wanaendesha upande wa kulia, si kushoto kama sisi, na barabara yao inalalia kulia, basi kama shemeji anasema kweli, kule gari litavuta kulia. Nikashika upande wao, nikalegeza vidole, na gari likavuta kushoto, kuelekea katikati ya barabara! Martine akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akaniambia, "Barabara ya huku inalala kuume, gari yako iko inaenda kushoto. Barabara haina makosa, na mikono yako pia haina."

Nilirudi nikiimba peke yangu. Lakini nikisema nitaulizwa nimejuaje, na Nobert hajawahi kunidanganya hata siku moja, na nikinyamaza akina mama watapanda lile gari. Nifanye nini?

Sylivia, Bwera.

*

Sylivia mwanangu, barua yako sikuiacha kwenye foleni. Nilikupigia simu siku ileile, na leo Ijumaa naisoma hewani kwa ruhusa yako na ya mumeo, maana wako wengi wanaohitaji kuisikia.

Kwanza nikugombeze. Umemdanganya mumeo kwa jina la mgonjwa, na hilo ni baya. Halafu umelegeza usukani katikati ya magari ya watu. Mimi nimeendesha malori ya jeshi miaka kumi na minne, na dereva wa namna hiyo angezunguka kambi mbio hadi jioni. Lakini akili ya kuvuka mpaka ili kuipima barabara, hiyo sijaiona kwa afande yeyote. Nilisimama jikoni nikapiga makofi.

Nilikuambia uungame kwa Nobert kabla ya kutaja gari, na fundi usimbishie kwa maneno. Sawazisheni upepo, hamisheni tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Likizidi kuvuta kushoto, tairi hazina kosa. Kisha endesheni kilomita tano za tambarare, msimame, msogeze kiganja kwenye rimu zote mbili za mbele.

Jana ukanisimulia. Nobert alikasirika, akatoka nje, akakaa huko karibu saa nzima, akarudi na swali moja, kama kweli kule pia lilivuta kushoto. Mkaenda Kasese pamoja. Tairi zikahamishwa, likavuta vilevile. Mliposimama, rimu ya kulia ilikuwa vuguvugu na ya kushoto haikushikika. Shemeji yako akaingia chini ya gari, akalikuta kosa. Alikuwa amelinyanyua gari akaacha mipira ya mafuta ya breki ileile mifupi, na wa kushoto ulivutika ukajikunja: ukikanyaga, breki inashika, ukiachia, haiachii. Gurudumu lile lilikuwa linafunga breki lenyewe njia nzima. Akatoka na grisi usoni, akasema, "Shemeji, nilitazama mikono yako, sikutazama kazi yangu."

Kwa kaka mkubwa wa mume, hayo ni maneno mazito. Yapokee, na usiyatembeze sokoni.

Mipira mirefu imefungwa, na unasema sasa gari linakwenda moja kwa moja. Vizuri, lakini mimi siamini breki mpya kwa kuambiwa. Kesho alfajiri panda kilima gari likiwa tupu, shuka kwa gia ndogo, simama katikati, pima rimu tena. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, harusi isubiri. Zikiwa sawa, pakia akina mama na uendeshe wewe. Nobert akae kiti cha kushoto, upande wa korongo, na kwenye kona asiseme kitu.