Jina la Yeyo Mbele ya Foleni

Naserian mdogo wangu, huko Rombo mvua imefika? Hapa Kajiado ni upepo na vumbi, hata chai iko na mchanga.

Boksi ya miwani ya Yeyo, ile kaka yetu Lemayian ametuma kutoka Ujerumani, nimeipata, lakini karibu irudishwe. Mtu wa forodha pale posta alichukua kitambulisho cha Yeyo, akakifunika kwa mkono.

"Sheria ni mpya. Ukichukulia mtu mzigo, unataja jina lake kwanza. Mama yako anaitwa nani?"

Unajua kwetu mtoto hatamki jina la mzazi; mama tunamwita Yeyo tu. Nikaomba kalamu niandike, akakataa.

"Hata jina la mama hujui? Hii kitambulisho umeiba wapi?" Tayari alikuwa ameinua muhuri wa kurudisha.

Nikalisema, Naserian. Kwa sauti, na wazee wa kwetu wamesimama nyuma yangu kwa foleni.

Miwani iko salama. Ukimsomea Yeyo kadi hii, msomee habari ya vumbi na miwani tu. Miwani na kadi natuma na mtu wa basi. Mimi nitakaa kwanza Kitengela kwa shangazi, kwa sababu naogopa. Akishavaa hiyo miwani, kitu cha kwanza ataangalia ni uso wangu.

Nakupenda sana,
dada yako Nasieku