Haikuwa Baridi

Sista Mumbua,

Saa yako ya kubandika kifuani ninayo mimi. Ndinda alinipa wiki moja baada ya kukuzika, akaniambia ulitaka niwe nayo: "Mum wanted you to have it, Auntie." Nilishindwa kumtazama binti yako usoni. Saa ilikuwa imesimama, nikaipeleka Hockley kwa yule fundi wa Kisikhi aliyezaliwa Kisumu, yule uliyekuwa ukitaniana naye. Aliuliza, "Mama mwenyewe yuko wapi?" Nilipomwambia alivua miwani, akaifuta, akaendelea na kazi.

Kazi yako pia nimepewa mimi. Nazunguka wodi hadi wodi nikiangalia nani amenawa na nani amevaa pete. Wauguzi wakiniona wanaanza kujishughulisha, kama sisi tulivyokuwa tukifanya ulipotokea. Wananiita Polisi wa Sabuni. Jina lako nimelirithi, na naona aibu kulibeba. Nitakwambia kwa nini, ingawa unajua.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza, sisi watano tuliotoka Kenya? Ulitupa chai, ukatubonyezesha vidole kwenye visahani vya jeli, ukasema jeli hiyo ya kukuzia bakteria ilianzia jikoni kwa mke wa mtafiti mmoja huko Ujerumani. Baada ya siku mbili kisahani changu kilikuwa kimeota madoa ya manjano kushinda vya wenzangu wote. Ulicheka hadi ukashika meza.

Kisha ukatusimulia habari za yule daktari wa Vienna. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba vijidudu ndivyo huleta homa ya uzazi. Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na wanawake waliojifungua wakafa wengi kuliko kwenye wodi ya wakunga. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe kwa madaktari. Yeye akaamuru watu wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikapungua, na wakubwa wakamkasirikia. Nilicheka kuliko wote. "Madaktari wazima, waone aibu ya kunawa!" Ukanijibu, "Hawakuona aibu ya kunawa, Kanini. Waliona aibu ya kuambiwa."

Wewe hukumfokea mtu mbele ya mgonjwa hata siku moja. Ulisimama mwisho wa wodi, ukamtazama aliyesahau, ukasugua viganja vyako viwili. Basi. Mtu alielewa, akarudi kwenye sinki.

Sasa ile Alhamisi.

Dawa za saratani zilikuwa zimemaliza chembe nyeupe za damu yako, zile zinazopigana na vijidudu, wakakuweka chumba cha peke yako. Mlangoni paliandikwa kila anayeingia anawe. Mimi sikuwa kazini siku hiyo, nilikuja kukaa nawe tu. Mzee Mutiso akaingia na akina mama wawili wa kanisa. Alikuwa ameshuka basi la kutoka London pale kituo cha Digbeth, akaja moja kwa moja, begi begani. Unajua Mzee ni nani kwangu. Ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, akanitafutia chumba Great Barr, akasimama mahali pa baba yangu siku ya harusi. Alipita sinki. Sinki ilikuwa hatua mbili kutoka nilipoketi.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nimtume Mzee kunawa kama mtoto? Akakuwekea mikono kichwani, akakushika vidole, akaomba sana. Katikati ya maombi ukafumbua macho, ukanitazama, ukasugua viganja. Polepole, maana nguvu hukuwa nazo.

Nilielewa, Sista. Nilielewa kabla hujamaliza. Lakini nilijitia hamnazo. Nikasema, "Anasikia baridi," nikavuta blanketi, nikakufunika mpaka kidevuni, mikono yako ikiwa ndani.

Hukurudia tena.

Homa ilikuja Jumamosi. Jumatano hukuwepo. Daktari alisema bakteria ile ingeweza kutoka popote, hata mwilini mwako mwenyewe, na mimi najua ni kweli, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini linaloniuma ni lile blanketi. Uliniomba kitu kimoja nami nikakufungia mikono.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa alipasuliwa, Mzee akaja kumwona. Nilimngojea mlangoni. "Mzee, samahani, tunawe mikono kwanza." Aliweka begi chini, akavua saa, akakunja mikono ya shati. "Haya mwanangu, nionyeshe." Nikamwonyesha, katikati ya vidole, kidole gumba, mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Alipomaliza akasema, "Kumbe ni hivi tu? Mbona hamtuambiangi?"

Hakukasirika hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na madaktari wa Vienna, nikakutana na mzee anayeuliza karatasi za kujipangusia ziko wapi. Angenawa siku ile, Sista. Ningemwambia tu, angenawa.

Yeye sijamweleza, kosa si lake. Ndinda nimemweleza yote Jumapili hii, hata habari za blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "She did that to me every dinner time," akasugua viganja vyake kama ulivyomfanyia kila wakati wa chakula, akachukua koti, akaondoka. Hajanipigia simu. Nitangoja, na asiponipigia nitaelewa.

Jumatatu napokea wauguzi wapya, sita, kutoka nyumbani. Nitawapa chai na visahani. Wakiwacheka wale madaktari nitawaacha wacheke mpaka watosheke, halafu nitawaambia habari zangu.

Pumzika sasa, Sista wangu. Naahidi kitu kimoja tu: nikimwona tena mtu akisugua viganja kitandani, sitatafuta blanketi.

Kanini wako