Pakacha Lenye Nati

Sufala, Ibra,
Oman.
9 Julai 1985

Mpendwa mpwa wangu Yaarub,

Marahaba! Najua shikamoo yako iko njiani, basi naipokea kabisa isije ikapotelea posta. Hujambo huko Amerika? Bega lako je? Unakula ukashiba, au ni ile mikate yenu yenye upepo ndani? Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, ila jua linatutoa mafuta na mji mzima unanuka tende zinazochemshwa. Mimi mjomba wako sijang'oka hata jino. Juzi nimeendesha gari ya serikali kutoka Sur hadi hapa, na madereva vijana wote nimewaacha wanakula vumbi langu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea mama yako kama kawaida, ukumbini, yeye anachambua mchele. Sasa Yaarub, nikuungamie kitu. Barua zako za miaka miwili hii sijazisoma kama ulivyoziandika. Weye ukiandika umekaa benchi, mimi nasoma umeshinda. Ukiandika wamekuteremsha timu ndogo, mimi nasoma wamekupeleka mji mwengine ukawafundishe. Nikitoka hapo naingia sabla, barazani, kunywa kahawa na wanaume wenzangu, na huko ndiko natia chumvi na pilipili. Si nilifanya kazi kambi ya mafuta Kuwait, nikaiona besiboli kwa macho yangu? Si mimi niliyekuchongea gongo la kwanza kwa upongoo wa mtende? Basi nikajiona nna haki.

Lakini ya Jumatatu ilinishinda. Umeandika mkono mzima, bega zima, ila mpira ukikutoka hauendi unakoutuma. Kocha kakupa ruhusa ya mwezi mmoja, huo wa Agosti, ukapumzishe akili, na weye umesema hutokuja Idi, wala hutorudi mpaka uwe mtu, kwa sababu Ibra nzima inangoja bingwa. Huyo bingwa nimemtengeneza mimi. Nikaanza tena mwanzo, nikamsomea mama yako kila neno, na yale ya barua za zamani nikayataja.

Dada yangu Fakhriya hakulia. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Sleyum, kwani mimi nilimtuma mpira? Nilimtuma akasome, akaupenda mpira, nikamwambia haya. Mimi namtaka yeye, na mkono wake hivyohivyo ulivyo." Halafu akanigeukia mimi, na aliyoniambia hayaandikiki kwenye karatasi inayopita posta.

Kesho yake nikaenda sabla, nikasema ukweli mbele ya wote, jasho linanitoka. Mzee Musallam akaweka kikombe chini. "Sleyum, tunajua zamani. Ramadhani ya mwaka jana ulitwambia kijana kashinda mechi thelathini, na ukaapa hakuacha saumu hata moja." Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikangoja waniulize hizo mechi. Wakaniuliza, "Anakuja lini?" Basi, hilo tu.

Ukuta wa nyuma ya nyumba ungali na vishimo vya mpira wako wa utotoni. Vyote viko pahala pamoja, sinia moja lingevifunika. Mwezi uliopita fundi alikuja kuupiga plasta. Mama yako akasimama mbele ya ukuta, upawa mkononi, na fundi akakusanya vyombo vyake. Alasiri huenda kukaa pale na kiti chake. Anasema kuna upepo. Hakuna upepo pale, Yaarub. Miye nimekwenda kukaa.

Sasa hiyo Idi. Tanuri la shuwa, lile shimo la kuokea nyama la mtaa, ni lile lile moja, mapakacha ya nyama ya nyumba zote yanafukiwa pamoja, na kila nyumba inafunga alama yake ya chuma, maana moto hauli chuma. Letu lina kijiko kilichovunjika mpini. Toka uondoke, mama yako hufunga na la pili, dogo, la kwako, akalitia nati ya gurudumu la gari yangu. Kila mwaka likifukuliwa humpelekea Bi Hamda jirani ale kwa niaba yako. Bi Hamda amenenepa. Mwaka huu mama yako kasema halipelekwi kwa mtu. Litawekwa ukumbini na nati yake, na halifunguliwi mpaka mwenyewe afike.

Idi iko mwisho wa Agosti. Nyama haijui kungoja mtu awe bingwa. Niandikie siku tu, ntakuja uwanja wa ndege wa Sib kukupokea peke yangu, bila ngoma na bila hotuba. Nikikuona unashuka, nitanyamaza. Hilo hakuna aliyepata kuliona.

Mke wangu Shukriya anakusalimu, na Mzee Musallam na sabla nzima. Bi Hamda naye anakusalimu sana, anasema yeye kashashiba.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mlangoni kwa mama yako.

Wako akupendaye, bingwa au si bingwa,
mjomba wako,
Sleyum bin Khelef