Anti wa Kisumu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimerudi kutoka Muhoroni. Wendy ameniita anti.

Haikuwa kuteleza ulimi. Dada yangu Aoko alimwambia, nenda usalimie mama, naye akachungulia nyuma yangu kuona ni mama gani amekuja. Halafu akanipa mkono na kuinamisha kichwa kidogo, vile wanavyofunzwa kusalimia wageni. "Habari yako, anti."

Nilimwacha kwa Aoko akiwa hata hatamki maneno vizuri. Sasa anaenda nasari, Kijaluo chake kinashinda changu, na trekta ya miwa ikipita anajua kama ni ya baba Oluoch, mume wa Aoko, ama ya mtu mwingine.

Tulisema ni kwa muda tu. Hospitali ilitangaza kwamba sisi wauguzi wa diploma tulio kwa kandarasi hatutaongezewa mkataba bila digrii. Kozi ya mtandaoni huchukua zaidi ya miaka miwili. Chuo kikanikubalia nibebe masomo mara mbili nimalize haraka. Zamu, masomo, zamu, masomo. Baba ya Wendy alienda zake kabla hajazaliwa, sina cha kuandika juu yake. Aoko akasema, lete mtoto. Aoko ambaye amezika watoto wake wawili wakiwa wachanga.

Alisema kwa furaha sana. Nilidhani ananihurumia mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Mtihani wa afya ya mtoto. Stima ilipotea mtaa wetu wa Kaloleni wote asubuhi, nikakimbia na laptopu hadi kwa Waithira. Tunasoma kozi moja, na mama yake ana duka la nguo lenye jenereta. Nimefanyia mtihani katikati ya marobota ya shuka, kamera ikinitazama nisiibe.

Swali la nne: eleza hatua anazopitia mtoto mdogo akitenganishwa na mzazi.

Kwanza analia na kukataa kila mtu. Halafu ananyamaza, hachezi. Mwisho anaonekana amezoea — anakula, anacheka, anapenda waliomzunguka, na mzazi akija hamjali. Nikaandika kwamba muuguzi asidanganyike, huyo hajapona. Nikaongeza mifano. Nikahamia swali la tano.

Waithira aliniuliza swali la nne nililipataje. Nikamwambia lilikuwa rahisi.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimepiga simu Muhoroni. Oluoch amepokea, akasema ngoja, Min Wendy yuko jikoni.

Mama Wendy. Akagutuka mwenyewe. Akasema, "Pole shemeji, ni vile majirani wamezoea kumwita." Nikamwambia hakuna neno.

Miaka yote ya ndoa dada yangu ameitwa Aoko tu, ama mke wa Oluoch. Wanawake wa rika lake wote wana jina la mtoto. Hata mimi kazini ni Mama Wendy. Sasa tuko wawili.

Wendy hakutaka kuja kwa simu. Nilimsikia anacheka huko nyuma.

Alhamisi, 18 Septemba

Wodi ya watoto. Saa zangu za mafunzo zinakaribia kuisha. Kuna kijana wa miaka minne, nimonia. Mama yake alitoka kidogo kununua sabuni, mtoto akalia mpaka akatapika. Alipigana na mimi, akaniuma. Becky wa zamu ya pili akacheka, akasema huyo ana mama.

Hakumaanisha chochote. Nikaenda chumba cha kuoshea vyombo, nikakaa huko mpaka nikaitwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepita. Yote.

Waithira amelia kwa simu kwa niaba yetu sote wawili. Nabututu, mkubwa wetu wa wodi, amenishika mabega mbele ya wagonjwa, akasema mkataba wangu sasa hauna shida na tena nitapewa zamu za mchana peke yake, kwa sababu nina mtoto wa kulea. Wagonjwa wakapiga makofi.

Nikampigia Aoko. Nikasema nimemaliza, nakuja wikendi hii ya sikukuu ya Mashujaa kumchukua. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Halafu akasema, "Hongera, Caren. Nitamsuka nywele kabla uje."

Jumapili, 19 Oktoba, Muhoroni

Kiwanda kinasaga, hewa yote ni sukari iliyoungua.

Wendy alianguka leo akikimbiza kuku. Goti likapasuka. Mimi ndiye nilikuwa karibu, nikainama, nikafungua mikono. Akapita kando yangu, damu ikitiririka, mpaka jikoni kwa Aoko.

Aoko ndiye alinirudishia. Akamkalisha kwa stuli na kumwambia anti Caren ni sista wa hospitali, atakufunga. Nikaosha, nikafunga. Alitulia kabisa. "Asante, anti." Aoko akaona uso wangu na kumtuma nje.

Nikamwambia, ungekuwa unamkumbusha mama yake ni nani. Ilitoka vibaya.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua omena, aliendelea kuchambua. Akasema alimkumbusha. Kila jioni alimwambia mama yuko Kisumu, anakuja. Mtoto akawa anasimama kwa geti magari yakipita. Mvua inanyesha, amesimama. Hali chakula. "Siku nyingine ulisema unakuja na hukuja, ulikuwa na mtihani. Nikaona huyu ataniharibikia. Nikaacha kumwambia."

"Ungeniambia mimi."

"Ungeacha shule."

Ni kweli, ningeacha. Sijui. Huenda nisingeacha.

Oluoch alinikuta kwa bomba baadaye. Ni mtu wa maneno machache, anaendesha trekta siku nzima. Akasema mtoto ni wangu na hakuna atakayebisha. Ila nikimtoa, nisikae bila kupiga simu kwa dada yangu. "Mimi sitaweza kumfariji peke yangu."

Jumanne, 21 Oktoba

Tulifika Kaloleni jana. Wendy hakulia tulipoondoka. Aoko naye hakulia, alisimama tu na kitambaa cha jikoni mkononi mpaka tukapinda kona.

Nimemwonyesha Wendy kitanda chake, ndoo yake ya kuoga, mahali pa viatu. Anauliza kabla ya kugusa kitu. Naweza kukaa hapa? Naweza kunywa maji?

Majirani wanasema nimeletewa mtoto mwenye adabu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilimpeleka Dunga kuona ziwa. Nikamnunulia ngege wa kukaanga, nikamtolea miiba. Kila kipande, asante anti. Niliogopa kuhesabu. Akaniuliza kama tukimaliza kula tutaenda nyumbani. Nikasema ndiyo. Akasimama haraka, akanawa mikono, akavaa viatu mwenyewe bila kuambiwa.

Tulipofika mlangoni kwangu alisimama nje. Alitazama tu mlango, halafu akaingia.

Jumatano, 29 Oktoba

Hali chakula tangu juzi. Hana homa. Masikio, koo, tumbo, nimepima yote, kila kitu kiko sawa. Kila kitu kiko sawa! Nimempa uji, ameushika mdomoni mpaka nikamwambia ateme.

Mkataba mpya nimeutia sahihi leo. Zamu za mchana.

Nimempigia Aoko. Nilitaka kumwuliza tu huko anampikia nini. Nikasikia nimesema, njoo.

Jumamosi, 1 Novemba

Aoko amefika kabla ya chakula cha mchana, na kikapu cha ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Wendy alikuwa sakafuni. Aliinua kichwa. Nilidhani atamkimbilia.

Hapana. Alienda polepole, akasimama mbele yake, halafu akaanza kumpiga. Ngumi zile ndogo, tumboni, kwa mapaja. Akapiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia kwake, "Uliniacha! Uliniacha!" Aoko akapiga magoti pale mlangoni na kikapu bado kiko mkononi, akaacha apigwe. Akawa anasema tu, ndiyo, ndiyo nyathina, mwanangu, piga. Mpaka Wendy akaishiwa nguvu na kuanguka juu yake.

Mimi nilisimama na mwiko. Mtoto wangu hajawahi kunipiga. Hajanikasirikia hata siku moja.

Jioni alikula ugali sahani nzima, ameketi mapajani mwa Aoko. Akanitazama na kuniuliza kama kuna mboga zaidi. Hakusema tafadhali.

Jumapili, 2 Novemba

Tumetoka kanisani. Joto la mchana, mabati yanalia. Wendy amelala kitandani kwangu, ameshika sketi ya Aoko, na Aoko amekaa hapo pembeni hawezi kujigeuza.

Tumeongea kidogo. Nimemwuliza kama angekuja kukaa Kisumu. Akauliza Oluoch atakuwa wapi, na nyumba, na shamba. Akaniuliza kama Muhoroni hakuna hospitali inayotaka muuguzi wa digrii. Nikasema nimeshatia sahihi hapa. Akasema anajua. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Amenipangusa jasho shingoni kwa leso yake kama zamani nikiwa mdogo, na hapo ndipo nimelia, yeye pia, bila sauti, tusimwamshe.

Gari la Muhoroni analotaka kupanda linaondoka saa kumi. Aoko ameitoa sketi yake sasa mkononi mwa Wendy, kidole kimoja kimoja. Nasikia zipu ya mkoba wake chumbani.

Amekuja mlangoni. Anasema, "Caren, nimepanga nguo zangu. Nipange na zake?"

Nimemwambia anipe dakika, kuna kitu namalizia kuandika. Bado amesimama hapo.